Je, Google itawameza mawakala wa matangazo?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Nafanya kazi kwenye kampuni ya wakala wa matangazo, kitengo cha kununua nafasi. Kila mwaka sehemu ya bajeti za wateja wetu inayokwenda Google inaongezeka, na wenzangu wanasema siku Google ikiamua kuwahudumia wateja hao moja kwa moja, sisi tumekwisha. Je, kweli kampuni moja ya mtandaoni inaweza kuwapita mawakala wa jadi? Na mimi nihame mapema au nitulie?"

Ndugu yangu, kama kupita ni kupita kwa pesa, jambo hilo lilishatokea zamani na hakuna anayelibishia. Mwaka 2024 Google ilipata dola bilioni 264.6 kutokana na matangazo peke yake. Mwaka huohuo WPP, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kampuni kubwa kuliko mawakala wote duniani, iliingiza pauni bilioni 14.7. Omnicom, kundi la mawakala la Marekani, ilipata dola bilioni 15.7.

Ila mtu asikutishe kwa kukuwekea namba hizo bega kwa bega, maana si pesa za aina moja. Za Google ni bei ya nafasi: mteja amelipa ili tangazo lake lionekane. Za wakala ni ujira wa kushauri, kubuni na kununua. Wakala akipokea mamilioni ya mteja na kuyanunulia nafasi, kinachobaki kwenye vitabu vyake ni ada au kamisheni tu, zilizosalia zinapita. GroupM, tawi la WPP la kununua nafasi ambalo sasa linaitwa WPP Media, lilikuwa likipitisha mikononi mwake zaidi ya dola bilioni 60 za wateja kwa mwaka, na fungu nono la pesa hizo liliishia Google yenyewe. Martin Sorrell, aliyeiongoza WPP hadi mwaka 2018, alikuwa akiieleza Google kuwa rafiki na adui kwa wakati mmoja. Alijua anachosema, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wateja wake wakubwa kabisa.

Kwa hiyo swali linalokuhusu ni hili: je, Google inaweza kukikalia kiti cha wakala, yaani kuwa yule anayemwambia mteja pesa zako zipeleke huku na kule zisiende? Jibu langu ni hapana, na si kwa sababu haina uwezo. Kiti hicho ilishakipata, ikakiuza.

Mwaka 2007 Google ilikubali kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na biashara hiyo ikakamilika Machi 2008. Wengi wanakumbuka kwamba hapo ndipo ilipopata mitambo ya kuuza matangazo kwenye tovuti za watu wengine. Wachache wanakumbuka kwamba ndani ya furushi hilo kulikuwa na Performics, kampuni iliyokuwa ikiwasaidia wateja kununua matangazo kwenye injini za utafutaji. Ghafla Google ikawa inauza nafasi na wakati huohuo inamshauri mteja anunue nafasi gani. Haikungoja kelele ziwe kubwa. Mwaka huohuo wa 2008 iliiuza sehemu hiyo ya ushauri kwa Publicis, kundi la mawakala la Ufaransa. Microsoft nayo ilipita njia ileile: iliinunua aQuantive mwaka 2007 kwa zaidi ya dola bilioni 6, ikajikuta inamiliki wakala anayeitwa Razorfish, na mwaka 2009 ikamuuza kwa Publicis hiyohiyo. Kampuni mbili tajiri kuliko karibu zote duniani ziliushika uwakala mkononi zikauachia. Unapoambiwa "siku Google ikiamua", kumbuka kwamba siku hiyo ilishafika na uamuzi ukatolewa.

Kwa nini? Moja, faida. Uwakala ni kazi ya watu wengi wenye mishahara. Mnada wa nafasi, ambamo watangazaji wanashindana kwa dau, unaendeshwa na mashine usiku na mchana, na faida yake hailinganishwi. Pili, na hili ndilo zito, mgongano wa maslahi. Muuzaji anayejipimia mwenyewe kwa mizani yake ataaminiwa na wateja wadogo wasio na namna, lakini mteja wa mamilioni ataleta mizani yake.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko intaneti. Wakala wa kwanza wa matangazo Marekani, Volney Palmer wa Philadelphia, alianza miaka ya 1840 akiwauzia wenye magazeti nafasi zao. Alilipwa na magazeti. Mwenye bidhaa hakuwa bosi wake, alikuwa windo lake. Ilichukua miongo mitatu hivi hadi N. W. Ayer & Son, wa mji huohuo, walipoanzisha mkataba wa wazi: mteja anaona gazeti limelipwa kiasi gani, na wakala anachukua kamisheni inayojulikana. Tangu hapo wakala akahama upande wa meza, akakaa karibu na anayelipa. Biashara nzima unayofanyia kazi leo imesimama juu ya kuhama huko. Google iko pale alipokuwa Palmer, tena kwa ukubwa ambao Palmer asingeuota.

Nikuonyeshe kwa karibu maana ya kukaa upande wa anayelipa. Mwaka 2012 eBay, soko la mtandaoni, ilifanya jambo ambalo muuzaji wa matangazo hawezi kukushauri ufanye: ilizima matangazo yake kwenye baadhi ya injini za utafutaji kuona kitatokea nini. Ilianza na yale yanayotokea mtu anapoandika jina la eBay lenyewe. Watafiti waliofuatilia, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, waligundua kwamba asilimia 99.5 ya watu waliokuwa wakibofya tangazo walifika eBay vilevile kwa kubofya matokeo ya kawaida, yasiyolipiwa. eBay ilikuwa inalipia wageni ambao tayari walikuwa mlangoni. Kwenye maneno mengine yasiyotaja jina lake, matangazo yalisaidia kuleta watu wapya na wale wa nadra, lakini kwa wanunuzi wa kila siku hayakubadilisha kitu cha maana.

Kitu kama hicho nimekiona mezani. Mteja alitufikia akiwa na ripoti ya kupendeza mno: kila mnunuzi mpya amepatikana kwa gharama ndogo ajabu. Tulipoomba orodha ya maneno ambayo watu waliandika kabla ya kubofya, mengi yalikuwa jina la kampuni yake, mengine limeandikwa kwa makosa. Tukamwambia aliondoe jina lake kwenye kampeni kisha tuangalie tena. Gharama kwa kila mnunuzi ilipanda kwa kishindo, mkurugenzi wa fedha akanuna, lakini mauzo hayakutikisika. Ushauri ule ulipunguza pesa iliyokuwa inakwenda kwa muuzaji nafasi, na kwa mkataba wetu wa wakati ule ulipunguza hata kamisheni yetu sisi. Hapa ndipo penye kiini cha kazi yako, nami nitaparudia, kwa sababu ndipo pia penye uozo.

Google pia ilijaribu kuingia kwa mlango wa mbele, kwenye vyombo vya zamani. Januari 2006 iliinunua dMarc, kampuni ya mitambo ya matangazo ya redio, kwa dola milioni 102 za mwanzo. Mwaka huohuo ikaanza kuuza nafasi za magazeti, na mwaka 2007 za televisheni. Magazeti na redio zilifungwa mwaka 2009, televisheni mwaka 2012. Mnada unataka mali nyingi nzuri iwekwe sokoni bila kujua itauzwa bei gani. Mwenye redio hakuwa na haja ya kuitupa saa yake ya asubuhi humo wakati watu wake wa mauzo waliweza kuiuza kwa simu. Alipeleka makombo. Na kwa kuwa redio haibofywi, ule uwezo wa kumwonyesha mteja kila senti ilikoishia ulibaki nje ya studio.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, maana sikuandikii ili kukubembeleza.

Google ilikwenda kwa watu ambao wakala hakuwataka. AdWords, mfumo wake wa kujinunulia matangazo, ilipofunguliwa Oktoba 2000, mtu yeyote mwenye kadi ya benki aliweza kuandika mistari michache, kuchagua maneno, kuweka kikomo cha matumizi na kuonekana siku hiyohiyo. Fundi bomba, mwalimu wa ziada, muuza vipuri: hakuna wakala aliyekuwa na muda nao, bajeti yao isingelipa hata kikao kimoja. Soko hilo halikuporwa kwa mtu, liliumbwa pembeni, na likaja kuwa kubwa kuliko lile la katikati. Uliona mwaka 2020 kampuni zaidi ya elfu moja, zikiwemo za majina makubwa sana, zilipoisusia Facebook mwezi Julai. Mapato ya Facebook ya mwaka ule yaliendelea kupanda kwa zaidi ya asilimia 20. Watangazaji wake 100 wakubwa walikuwa wakileta asilimia 16 tu ya mapato, na jumla ya wanaotangaza ilikuwa zaidi ya milioni 10. Zamani mawakala wakubwa wakinuna, kituo cha televisheni kilikosa usingizi. Nguvu hiyo ya kununa imekwisha, na sioni itakavyorudi.

Hilo ni la mauzo. La kazi yako wewe, mnunuzi wa nafasi, liko hapa: mashine imeanza kufanya yale uliyosomea. Fungua leo kampeni ya Performance Max, ambayo Google iliifungulia watangazaji wote mwaka 2021. Haikuulizi maneno gani uyanunue, saa ngapi, kwenye tovuti zipi, wala kwa bei gani kila bofyo. Inakuomba picha, vichwa vya habari, nembo, bajeti na lengo: unataka mauzo, simu au watu wafike dukani? Kisha inaamua yenyewe kama tangazo litokee kwenye utafutaji, YouTube, Gmail au ramani, inachanganya picha na maneno, inapandisha na kushusha dau. Ripoti za mwanzo zilikuwa finyu kiasi kwamba mnunuzi mzoefu alibaki anakisia pesa imekwenda wapi. Zimepanuliwa baadaye, baada ya malalamiko mengi. Meta, wenye Facebook, wana mfumo wa aina hiyo wanaouita Advantage+, na mwaka 2025 Mark Zuckerberg alieleza waziwazi anakotaka kufika: mwenye biashara aseme anataka nini, aunganishe akaunti yake ya benki, mengine yote hadi picha na maneno mashine iyafanye. Habari za mpango huo zilipoenea mwaka huohuo, bei za hisa za mawakala ziliyumba.

Wapo wanaosema atashindwa kwa kuwa mashine haina ubunifu. Mimi sitegemei hoja hiyo. Matangazo mengi sana yanayotengenezwa na watu ni ya kawaida mno, na la kawaida mashine itaweza kulitoa kwa bei ya bure. Aliyekuwa anaishi kwa kubadilisha vipimo vya mabango, kukata video ya sekunde 30 iwe ya 15, kupandisha na kushusha dau kila asubuhi, kazi yake inaondoka. Kwa hilo wenzako wana haki ya kuogopa.

Wengine wanatazamia mahakama. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema akaamua hivyohivyo kuhusu mitambo inayotumiwa na wenye tovuti kuuza nafasi, pamoja na soko la mnada ambalo kwa kawaida Google ilikata humo takriban asilimia 20. Ni hukumu nzito, lakini walioumizwa humo kwanza ni wenye tovuti. Mteja wako hatarudi kwenye magazeti kwa sababu jaji amekasirika. Kuungana nako hakunipi matumaini makubwa. Omnicom na Publicis walijaribu kuoana mwaka 2013 wakisema wanataka ubavu wa kukabiliana na kampuni za teknolojia; ndoa ikavunjika Mei 2014. Omnicom ikaja kuimeza Interpublic, kundi jingine la mawakala, mwishoni mwa 2025, na mara moja ikatangaza kupunguza maelfu ya watu na kuyaweka kando majina ya mawakala kama DDB, walewale wa tangazo la Volkswagen la mwaka 1959 ambalo bado linafundishwa darasani. Ukubwa unapunguza gharama za ofisi. Haumfanyi mteja akuamini zaidi.

Narudi kwenye uozo. Nimesema thamani ya wakala ni kukaa upande wa anayelipa. Tatizo ni kwamba mawakala wengi wameshahama kiti hicho kimyakimya. Mwaka 2016 chama cha watangazaji wakubwa wa Marekani, ANA, kilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa na kampuni ya K2, iliyokuta kwamba wenye vyombo walikuwa wakiwarudishia mawakala sehemu ya pesa bila mteja kujua, na kwamba desturi hiyo ilikuwa imeenea. Siku hizi kuna mtindo wenye sura ya heshima zaidi: wakala ananunua nafasi kwa jina lake mwenyewe, kwa jumla, halafu anamuuzia mteja kwa bei anayoipanga, faida yake ikiwa siri iliyomo kwenye mkataba. Mteja amesaini, kwa hiyo si wizi. Lakini niambie wakala huyo, akiulizwa "tununue nafasi hizi au tusinunue?", atajibuje, ilhali amezijaza ghalani. Amerudi kuwa Palmer. Akirudi kuwa Palmer hana cha kumshinda Google, maana Google ina ghala kubwa zaidi, mitambo mizuri zaidi, na haimtozi mteja ada ya ushauri.

Ndiyo maana nasema Google haiwezi kuwaua mawakala wote, na baadhi yao wanajimaliza wenyewe. Haja ya mtu wa kukagua haijapungua hata kidogo. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa ikikuza wastani wa muda ambao watu wanatazama video za matangazo, kwa kuwa haikuwahesabu waliotazama chini ya sekunde tatu. Iliwaeleza Publicis kwamba huenda namba hiyo ilizidishwa kwa asilimia 60 hadi 80. Kesi iliyofuata ilimalizwa kwa dola milioni 40. Machi 2017, baada ya gazeti la The Times la London kuonyesha matangazo ya kampuni kubwa yakitokea juu ya video za watu wenye siasa kali, mawakala wa Havas wa Uingereza ndio waliosimamisha pesa za wateja wao YouTube na Google. Kwenye visa vyote viwili ilibidi awepo mtu wa nje wa kuuliza.

Sasa wewe. Usihame kwa hofu ya Google; kama ni kuhama, hama kwa kuangalia mkataba wa unakofanya kazi. Jifunze mambo mawili ambayo mashine ya muuzaji haitakufundisha. La kwanza ni kupanga jaribio la kuzima: chagua maeneo mawili yanayofanana kwa mauzo, zima matangazo upande mmoja kwa wiki kadhaa, linganisha, na uweze kuyatetea majibu mbele ya mkurugenzi wa fedha asiyependa kusikia. La pili ni kusoma mkataba wa kununua nafasi, hasa vifungu vya marejesho, haki ya ukaguzi, na nani anamiliki akaunti na takwimu zake. Wanunuzi wengi hawajawahi kuuona mkataba wa mteja wanayemhudumia, na wala hawajauomba.

Kisha mwombe bosi wako dakika chache, umuulize: katika pesa tunazopata kwa mteja huyu, ni kiasi gani kinatoka kwake na ni kiasi gani kinatoka kwa wanaomuuzia nafasi? Akikufungulia hesabu, kaa hapo ujifunze. Akicheka na kubadilisha mazungumzo, anza kutuma maombi, na usiyatume kwa mawakala tu. Kampuni nyingi kubwa zimeanzisha vitengo vyao vya ndani vya kununua matangazo, nazo zinatafuta hasa mtu aliyekaa upande wa wakala na anayejua pesa hujificha wapi.